Siku Moja Mikindani

Kila mtu ana mji wake wa ndoto. Wapo wanaotamani Makka, na hiyo ni ndoto yenye thawabu. Wapo wanaotamani London kwa sababu ya sifa zake, na siku hizi wapo vijana wanaotamani Dubai kwa sababu ya maduka yake. Mimi, kwa muda wa miaka thelathini na ushei niliyofundisha Historia, nilitamani mji wa Granada, kule Uhispania.

Sababu yake ni ndogo. Katika maktaba ya chuo cha ualimu nilichosomea, kisha nikakifundisha na mwishowe nikakiongoza, palikuwa na kitabu cha picha kilichopoteza jalada. Ndani yake mlikuwa na picha za jumba la Alhambra, matao yake, nguzo zake na maji yakipita katikati ya ua. Nilipofundisha habari za Ibn Battuta, msafiri wa Kimoroko aliyefika Kilwa mwaka wa 1331, sikukosa kuwaeleza wanachuo kwamba miaka kama kumi na tisa baadaye mtu yule yule alitia mguu Granada. Nikiwaambia, “Miguu iliyokanyaga mchanga wa Kilwa ndiyo iliyokanyaga mawe ya Granada.” Wanachuo waliandika. Mimi nilikuwa naota kwamba siku nikistaafu nitakwenda peke yangu, nizunguke mji ule kutwa nzima, niguse kuta, nikae penye kivuli, nirudi jioni nikiwa mtu mwingine.

Nikastaafu. Pensheni ya mwalimu hununua unga na dawa za presha; haimpandishi mtu ndege. Mke wangu alipotangulia mbele ya haki, ndoto ile nayo nikaikunja nikaiweka. Lakini asubuhi moja, nikiwa nimekaa barazani Mtwara bila kazi, nilijiuliza swali ambalo lilinitia aibu. Mikindani, mji ulio umbali wa kama kilometa kumi tu kutoka kwangu, niliitazama lini? Nimepita pale mara zisizohesabika nikienda Lindi. Nimekwenda kuzika. Nimekwenda arusini. Kuitazama, hata siku moja.

Basi nikajiwekea sharti: nitakwenda kama mgeni. Nikavaa kofia, nikachukua daftari, kalamu na chupa ya maji, nikaenda stendi.

Konda wa daladala alikuwa kijana mchangamfu. Aliponiona nimekaa peke yangu na daftari mkononi akaniuliza, “Mzee, msibani?”

“Hapana, mwanangu. Naenda kutembea.”

“Kutembea kwa nani?”

“Kutembea tu.”

Akacheka, akageuka kudai nauli. Kwetu sisi mtu haendi kutembea tu. Huenda kwa mtu. Swali lile la konda sikulitilia maanani wakati ule.

Anayeingia Mikindani kutokea Mtwara huona kwanza maji. Ghuba ile ya ndani imejikunja kama bakuli, na mlango wake wa kutokea baharini ni mwembamba, hata jahazi likishaingia hulala salama bila kujali pepo. Yasemekana jina la mji limetokana na mikinda, yaani minazi michanga. Hapo ndipo zilipokuwa zikishuka nguo, shanga, bunduki na baruti, na hapo ndipo zilipokuwa zikipanda pembe za ndovu, sandarusi, mpira, ufuta na binadamu.

Nilishuka karibu na ufuko, nikaanza na mitaa. Zipo nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine zimebaki kuta tu na miti ya porini imeota sebuleni. Zipo nyumba za ghorofa zilizokuwa za wafanyabiashara wa Kihindi, zenye roshani za mbao zilizochongwa kwa mkono wenye subira. Nilisimama chini ya roshani moja nikajaribu kukumbuka mlolongo wa mambo. Mwaka wa 1947 Waingereza walianza mpango wao mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu zake. Karanga zilihitaji bandari yenye kina, na Mikindani haikutosha. Ndipo ikajengwa Mtwara, na reli ikatandazwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea. Mpango ule wa karanga ulivunjwa mwaka wa 1951 kabla gati ya Mtwara haijamalizika mwaka wa 1954. Reli nayo ilifungwa mwaka wa 1962, ikang'olewa. Hivyo mji mmoja uliuawa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuota, na mji mwingine ukazaliwa. Marehemu baba yangu alikuwa miongoni mwa waliohama Mikindani kufuata kazi ya ukuli gatini. Kwa hiyo mimi ni mtoto wa karanga zile, ukipenda kusema hivyo. Wahindi nao walihamia Mtwara kidogo kidogo, na wengine waliondoka kabisa baada ya nyumba za kupangisha kutaifishwa mwaka wa 1971.

Kutoka hapo nilipanda mteremko hadi Boma. Wajerumani walilijenga mwaka wa 1895, na hadi leo ndilo jengo linalotawala macho ya kila aingiaye. Kwa miaka mingi lilikuwa gofu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 lilikarabatiwa kwa msaada wa shirika la hisani la Kiingereza na kugeuzwa hoteli. Nilimsalimu mlinzi, nikaomba ruhusa, nikapanda pole pole, maana magoti yangu hayana tena adabu. Kutoka juu niliiona ghuba yote, minazi, paa za makuti na za bati, na mashua za wavuvi zikirejea.

Juu pale nilielewa kitu ambacho vitabu havikunipa. Mwezi wa Septemba 1888, watu wa pwani hii walipoinuka dhidi ya Kampuni ya Wajerumani, mawakala wake waliokuwa Mikindani walilazimika kukimbia. Wissmann alirudi na manowari mwezi wa Mei 1890, akaitwaa Kilwa, kisha Lindi, kisha Mikindani. Huko kwenye uwanda wa juu wa Makonde, Machemba wa Wayao alimwandikia barua kwa Kiswahili, akakataa kwenda kumwamkia. Urafiki aliukubali, utii aliukataa. Alishikilia msimamo wake mpaka mwaka wa 1899 alipovuka Ruvuma kukimbilia upande wa Wareno. Ukikaa juu ya Boma, macho yako hayafuati bahari peke yake. Hufuata kila njia itokayo bara kuja mjini. Aliyechagua kilima kile alikuwa anawaogopa watu.

Nilishuka, nikaitafuta nyumba inayoitwa ya Livingstone. Ina mlango wa kuchongwa, na ukutani pana kibao kinachosema kwamba yasemekana Dakta Livingstone alikaa humo. Nilikipenda kibao kile kwa uaminifu wake: “yasemekana.” Wapo wanaosema alipiga kambi ng'ambo ya ghuba, kwenye kijiji cha Pemba. Lililo hakika ni kwamba mwezi wa Machi 1866 alishindwa kuteremsha wanyama wake kwenye mlango wa Ruvuma, akaja kuteremkia katika ghuba hii. Alikuwa na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda, na askari wa Kihindi, na vijana waliosomeshwa kule Nassick, India, na watu wa Komoro. Alikuwa na Susi, na alikuwa na Chuma, kijana wa Kiyao aliyekombolewa mikononi mwa wauza watumwa mwaka wa 1861. Miaka minane baada ya kushuka hapa, mwaka wa 1874, Chuma na Susi ndio waliouleta mwili wa bwana wao hadi Bagamoyo. Wanachuo wangu waliulizwa swali la Livingstone kila mwaka. Sikumbuki hata mwaka mmoja nilipotunga swali la Chuma.

Katika safari ile, wakipanda kufuata Ruvuma, Livingstone aliandika kwamba waliikuta maiti ya mwanamke aliyefungwa shingo kwenye mti, kwa kuwa alishindwa kwenda sawa na wenzake katika msafara. Niliwahi kuwasomea wanachuo habari hiyo. Niliisoma kwa sauti ya mwalimu, sauti isiyo na mwenyewe. Darasa lilinyamaza. Ndipo kijana mmoja wa nyuma akanyosha mkono, na mpaka leo naukumbuka mwaka, ni 1984. Akauliza, “Mwalimu, wale ambao hawakupelekwa Unguja, waliobaki hapa pwani, wajukuu wao wako wapi?”

Nilimjibu kwamba swali lake halimo katika muhtasari.

Sasa, msomaji, naomba nikueleze kwa nini nilijibu hivyo. Bibi yangu, mama yake baba, alizaliwa Mikindani kabla ya vita vya Majimaji vya mwaka wa 1905. Mama yake hakuzaliwa hapa. Aliletwa akiwa msichana kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Mtumwa aliyetoka bara karibuni alikuwa akiitwa mjinga, na mtoto wake aliyezaliwa pwani akaitwa mzalia. Bibi yangu alikuwa mzalia. Neno hilo nililisikia mara ya kwanza nikiwa na miaka kama tisa, kwenye ugomvi wa kisimani, akitukanwa baba. Baba hakurudisha neno. Alichukua ndoo zake, akanishika mkono, tukaenda nyumbani, na jambo lile halikutajwa tena. Nikajifunza kwamba lina adabu yake, nayo ni kunyamaza.

Darasani kwangu nilikuwa nikiandika ubaoni tarehe 5 Juni 1873, siku Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza, soko la Unguja likafungwa. Chini yake nikiandika kwa herufi kubwa, MWISHO WA BIASHARA YA WATUMWA, na kupiga mstari mara mbili. Lakini biashara ni jambo moja na utumwa ni jambo jingine. Misafara iliendelea kwa njia za nchi kavu na kwa majahazi ya usiku. Unguja yenyewe haikufuta hadhi ya utumwa hadi mwaka wa 1897. Huku kwetu Wajerumani hawakuufuta kabisa. Walitoa hati za uhuru kwa waliojikomboa, na wakaamuru kwamba watakaozaliwa baada ya mwaka wa 1905 wawe huru. Bibi yangu aliwahi kuzaliwa mno. Waliofuta kwa sheria ni Waingereza, na mwaka ulikuwa 1922. Yaani bibi huyu aliyenipikia uji wa mtama, aliyenifundisha kuhesabu kwa kokwa za korosho, aliyefariki mwaka wa 1969 nikiwa kijana wa sekondari, sheria ilimhesabu kuwa mali hadi alipokuwa mtu mzima. Tarehe hiyo naijua tangu chuoni. Ubaoni sikuiandika.

Mambo hayo nilikuwa nayo kifuani nilipofika kwenye jengo linaloitwa Soko la Watumwa. Ni jengo la matao, limepakwa rangi, na huuzwa vinyago na picha za kuchora. Nilitarajia kulia, sikulia. Nilisimama nikaona kuta tu.

Nikiwa pale, likaja kundi la wanafunzi wa shule ya msingi na mwalimu wao wa kike, binti mdogo, jasho likimtiririka. Aliponiona akasita, kisha akapiga goti nusu. “Shikamoo, Mkuu!” Alikuwa amepita mikononi mwangu chuoni, mwaka wa mwisho kabla sijastaafu. Tukaulizana hali. Kisha akawageukia watoto, akasema, “Watoto, mna bahati leo. Huyu ndiye mwalimu wa mwalimu wenu. Babu, tuambie neno kuhusu mahali hapa.”

Nilifungua mdomo nianze na 1873. Tarehe ilikuwa tayari ulimini. Nikawatazama wale watoto, kama arobaini hivi, wamekaa kwenye vumbi na madaftari yamefunguliwa, nikaona watayaandika na kuyafunga kama walivyofanya wale wa 1984.

Nikawaambia, “Mama yake bibi yangu aliletwa katika mji huu amefungwa kamba. Alikuwa na umri kama wenu.”

Hakuna aliyeandika. Nikawaeleza habari kama bibi alivyonieleza usiku mmoja, akiwa mgonjwa, na akinisihi nisiseme. Kwao kulikuwa na njaa. Msafara ulipita, una chakula na nguo. Msichana yule akapelekwa kubeba mtungi wa maji hadi kambini, akaambiwa asubiri. Hakurudi tena.

Mtoto mmoja wa kike, mbele kabisa, akauliza, “Babu, nani alimuuza?”

Nililiogopa swali hilo maisha yangu yote. Kwa maana darasani wauzaji walikuwa Waarabu, wanunuzi walikuwa Wazungu wa visiwa vya sukari na wenye mashamba ya karafuu, na sisi tulikuwa wauzwaji tu. Hayo yote ni kweli. Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa mwaka wa 1776 apewe watu elfu moja kila mwaka, na karafuu za Unguja zilimeza maelfu baada yao. Lakini misafara iliyoshuka pwani ya kusini iliongozwa pia na watu wa bara, watu wa machifu kama Mataka wa Mwembe, na waliopokea mlangoni walikuwa Waswahili wenzetu.

Nikasema, “Mjomba wake.”

Kimya. Kwetu kusini mjomba si mtu mdogo. Ndiye mwenye watoto wa dada yake, ndiye mwenye kauli. Watoto wale walilielewa neno hilo kuliko tarehe yoyote niliyowahi kuandika.

“Alikuwa mbaya?” akauliza yule yule.

“Sijui,” nikamjibu. “Alikuwa na njaa, alikuwa na deni, na alikuwa na watoto wengine wa kulisha. Na chakula kile alikila. Nayo hayo yote ni kweli.”

Mwalimu wao alikuwa ameinamisha kichwa. Waliponiaga, mmoja mmoja walikuja kunipa mkono, jambo ambalo hawakuamriwa.

Jua lilikuwa limeshageuka. Nilipita uchochoro kuelekea barabarani, na hapo barazani kwenye nyumba moja ya mawe alikuwa ameketi mzee, macho yamefifia, bakora magotini. Nyumba ile naijua. Utotoni tulikuwa tukiingia kwa mlango wa nyuma.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Nani wewe?”

Nikataja jina langu na la baba yangu, kama nilivyozoea, nikakoma hapo. Akatikisa kichwa, hakunipata. “Wa nyumba ya nani?”

Ningeweza kusema mimi ni mtu wa Mtwara, nikapita. Nikataja jina la bibi yangu. Kisha nikaongeza, “Mzalia wa nyumba hii.”

Bakora ilitulia. Alikaa kimya muda mrefu, hata nikadhani nimemkosea. Halafu akasema, “Alinibeba mgongoni yule. Mimi na ndugu zangu wote. Sisi tukimwita mama.”

Kwa umri wake alizaliwa miaka kumi na mitano hivi baada ya sheria ya 1922. Hivyo sheria ile ilimkuta bibi yangu jikoni, ikamwacha jikoni. Angekwenda wapi? Ng'ambo ya Ruvuma hakuwa na mtu anayemjua jina.

“Mliwahi kumwambia kwamba yu huru?” nikamuuliza. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyokusudia.

“Mimi nilikuwa mtoto,” akasema. Kisha, baada ya kitambo, “Sidhani kama yupo aliyemwambia.”

Hakuomba msamaha, nami sikuutoa. Alimwita mjukuu wake alete maji ya dafu, nikanywa. Akaniuliza bibi alikuwa akipenda kuimba, je, nakumbuka? Nikasema nakumbuka. Tukakaa, wazee wawili, tukitazama maji yakipwa, kila mmoja na bibi yule kwa namna yake. Nilipoinuka akasema, “Rudi tena, ndugu yangu. Uingie kwa mlango wa mbele.”

Enyi walimu wenzangu mtakaosoma kurasa hizi, sina mahubiri marefu. Muhtasari ni ramani, na ramani haioneshi nyumba yako. Yule kijana wa 1984 alistahili jibu, na jibu lilikuwa limesimama mbele yake limeshika chaki. Akiwa hai popote alipo, namwomba anisamehe. Wajukuu wapo. Wengine walimfundisha yeye.

Granada sitaifika, na sasa hainiumi. Nilirudi Mtwara kwa daladala ile ile, magharibi ikiingia. Konda alinitambua kwa kofia yangu.

“Mzee wa kutembea tu! Haya, umemkuta mwenyeji?”

“Nimemkuta, mwanangu,” nikamwambia, nikampa nauli.